Urudie KCSE au usonge mbele? Mwongozo kamili kwa kijana wa Malindi anayetaka udaktari

Kila Januari, matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya, yakishatangazwa, nyumba nyingi za Maweni, Muyeye, Ganda na Mambrui hupata wageni. Mjomba huja na rai yake, jirani naye ana yake, na shangazi hupiga simu kutoka Mombasa. Huyu anasema rudia, yule anasema mshukuru Mungu uende chuo. Kijana aliyepata B ilhali moyo wake uko kwenye udaktari hubaki kusikiliza, na mara nyingi shauri hukatwa kabla karatasi yenyewe ya matokeo haijasomwa sawasawa.

Nafundisha Kemia na Bayolojia hapa Malindi, na vijana hawa hunijia mimi pia. Wengi huuliza, "Mwalimu, nilifeli?" Hilo si swali la kuanzia. Uliza mambo mawili: ni somo gani lililokufungia mlango, na mwaka huu una kitu gani kipya cha kulibadilisha somo hilo? Ukiweza kujibu yote mawili kwa ushahidi, rudia, nami nitakusaidia. Ukishindwa kujibu la pili, kurudia kutakugharimu mwaka mzima na kukurudisha palepale.

Marekani mwanafunzi hufanya mtihani wa MCAT akiwa tayari chuoni, na India wana NEET. Kenya hatuna mtihani wa peke yake wa kuingilia udaktari. Mtihani wetu ni KCSE, na kugawa nafasi ni kazi ya KUCCPS, shirika la serikali linalowapangia wanafunzi vyuo. Kwa hiyo anayetaka kujaribu tena udaktari hurudia mtihani wote wa kidato cha nne. Ni jambo zito, na ndiyo maana ninakwenda nalo hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza: tazama masomo manne, wastani baadaye

Chukua karatasi ya matokeo uifunike gredi ya wastani kwa kidole. Sasa tazama Bayolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia (chukua iliyo bora), na Kiingereza au Kiswahili (chukua kilicho bora). Kusomea udaktari katika chuo kikuu cha Kenya, kiwe cha umma au cha kibinafsi, kunataka angalau B katika kila moja ya manne hayo. B- haitoshi. Nimeona mzazi akiuza kipande cha shamba ili alipie chuo cha kibinafsi akiamini kwamba pesa zitaziba B- ya Kemia. Hazizibi, kwa sababu mafunzo ya udaktari yanasimamiwa na KMPDC, baraza la madaktari nchini, na daktari asiyetambuliwa na baraza hilo hawezi kufanya kazi nchini.

Ukishatazama, utajikuta katika hali moja kati ya tatu. Huenda una B au zaidi katika yote manne: mlango uko wazi, tatizo lako ni ushindani wa nafasi, na hatua ya pili ndiyo itakayokuamulia. Huenda umekosa somo moja kwa gredi moja au mbili, tuseme Kemia B- au C+ na mengine yako sawa. Wewe ndiye mwenye sababu nzito zaidi ya kufikiria kurudia. Au huenda masomo mawili au matatu yako chini, na Hisabati au Kemia imeangukia C- au D+. Kupanda kutoka hapo hadi B kwa mwaka mmoja kunawezekana, ila ni kazi kubwa mno, na nakushauri usome kwanza sehemu ya njia nyingine hapo chini kabla hujamwambia mtu yeyote kwamba unarudia.

Tangu mtihani wa 2023, gredi ya wastani hupatikana kwa Hisabati, lugha moja, na masomo mengine matano uliyofanya vizuri zaidi. Hisabati haiepukiki. Hata kama utatumia Fizikia kwenye masomo yako manne ya udaktari, Hisabati itahesabiwa kwenye jumla yako, nayo ikiwa chini itakuvuta chini.

Hatua ya pili: piga hesabu ya klasta kwa mkono wako

Klasta ni namba ambayo KUCCPS hutumia kuwapanga wanaogombea kozi moja. Wengi huiruka hatua hii kwa sababu inaonekana ya kitaalamu. Kalamu na kikokotoo vinatosha.

Kila gredi ina pointi: A ni 12, A- ni 11, B+ ni 10, B ni 9, B- ni 8, C+ ni 7, na hivyo hadi E ambayo ni 1. Jumlisha pointi za masomo yako manne ya udaktari. Upeo wake ni 48. Jumlisha pointi za masomo saba yaliyohesabiwa kwenye wastani. Upeo wake ni 84. Gawanya ya kwanza kwa 48 na ya pili kwa 84, zidisha majibu hayo mawili, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 48.

Tuchukue mfano. Kijana ana Bayolojia B+, Kemia B-, Hisabati C+ na Kiswahili A-. Hiyo ni 10, 8, 7 na 11, jumla 36. Ongeza Dini A-, Historia B+ na Kiingereza B, na masomo yake saba yanafika 66, yaani wastani wa B. Hesabu inampa karibu 36.8. Sasa tuseme amerudia na kufanya kazi ya maana: Bayolojia imepanda hadi A-, Kemia hadi B+, Hisabati hadi B, na mengine yamebaki yalivyokuwa. Masomo manne yanakuwa 41, masomo saba yanakuwa 71, na wastani unakuwa B+. Klasta yake sasa ni karibu 40.8.

Tulia na namba hiyo. Amepandisha masomo matatu, na Kemia na Hisabati zimepanda gredi mbili kila moja. Hata hivyo nafasi za udaktari katika vyuo vya umma kwa kawaida hufungwa juu ya 40, na zile zinazogombewa zaidi, kama za Chuo Kikuu cha Nairobi, hufungwa juu zaidi ya hapo. Kijana huyu sasa anastahili kusomea udaktari, lakini nafasi ya chuo cha umma bado ni ya kubahatisha. Angelipata masomo manne yenye 46 na masomo saba yenye 80, angefika karibu 45.9, na hapo mazungumzo yangekuwa mengine.

KUCCPS pia hutumia kipimo kinachotokana na alama zako halisi, kwa hiyo hesabu ya mkono ni makadirio. Tovuti yao huonyesha pointi ambazo kila kozi ilifungia miaka iliyopita. Andika za vyuo vitano au sita vinavyofundisha udaktari: Nairobi, Moi, Kenyatta, Egerton, JKUAT, Maseno. Kisha ziweke kando ya namba mbili zako, ile uliyonayo leo na ile unayoamini kwa dhati kwamba unaweza kuifikia.

Kama namba ya pili haifiki hata kwenye chuo kilichofungia chini kabisa, waulize wazazi swali la wazi: tukipata sifa lakini tukose nafasi ya umma, tunaweza kulipia chuo cha kibinafsi kwa miaka sita? Ada yake ni malaki ya shilingi kila mwaka. Kama jibu ni hapana, afadhali lisemwe sasa.

Kama hukuyaamini matokeo

Kama gredi ya somo moja iko mbali sana na kazi yako ya mwaka mzima, KNEC, baraza la mitihani la Kenya, hupokea maombi ya kukagua upya, nayo hupitia kwa mkuu wa shule uliyofanyia mtihani. Ni ya kulipia na yana muda mfupi baada ya matokeo kutoka, kwa hiyo usingoje Machi. Wala usisimamishe maamuzi mengine ukisubiri jibu.

Hatua ya tatu: tafuta alama zilipotelea wapi

Gredi inakwambia umekosa, haikwambii kwa nini. Kabla hujarudia, jipe jaribio la wiki tatu. Tafuta karatasi za KCSE za miaka mitatu ya somo lililokuangusha, kaa mezani kwa muda uleule wa mtihani, bila simu, kisha mpe mwalimu azisahihishe kwa mwongozo wa kusahihishia. Usijisahihishe mwenyewe. Mwanafunzi anayejisahihisha hujipa alama kwa alichokusudia kuandika.

Tuchukue Kemia, somo ninalolijua zaidi. Karatasi ya kwanza na ya pili zina alama 80 kila moja, na ya tatu, ya vitendo, ina 40. Hiyo ya tatu ndiyo inayowaangusha watoto wetu wengi, na si kwa ukosefu wa akili. Shule nyingine huingiza wanafunzi maabarani mara chache mno kabla ya muhula wa tatu, na mtoto huja kuishika bureti, ule mrija wa kupimia kimiminika, siku ya mtihani. Jedwali la titresheni, yaani vipimo unavyosoma kwenye bureti, lina alama zake: kulijaza lote, kuandika namba zote kwa idadi ileile ya desimali, kukaribia jibu la mwalimu, kuchagua vipimo vinavyokaribiana, na kupata wastani wao. Mwanafunzi aliyeandika 24.5 juu na 24 chini amepoteza alama ambayo haikuhitaji akili ya pekee, ilihitaji mazoea. Kwenye uchanganuzi wa chumvi vilevile, anayeandika "rangi imebadilika" pale panapotakiwa "mashapo meupe yanayoyeyuka kimiminika kinapozidi" ameona jambo la kweli na bado amekosa alama.

Kama upungufu wako uko kwenye karatasi ya tatu, hiyo ni habari njema. Vitendo hupanda haraka ukipata maabara na mwalimu mvumilivu. Kama uko kwenye hesabu za moli, pia unaweza kuurekebisha kwa miezi michache ya kukaa nazo kila siku. Lakini kama jaribio linaonyesha mashimo tangu kidato cha pili, vifungo vya atomu, jedwali la elementi, asidi na besi, basi unahitaji kusoma Kemia upya kutoka mwanzo, na lazima ujiulize kama miezi tisa inatosha.

Bayolojia ina mtego wake kwenye karatasi ya pili, sehemu ya insha. Swali la sita ni la lazima, kisha unachagua la saba au la nane, kila moja alama 20. Wengi hujua jibu lakini huandika aya ndefu zenye hoja nne, ilhali msahihishaji anatafuta hoja ishirini. Hili hurekebishwa kwa wiki chache.

Hisabati sina maneno mengi nayo. Karatasi mbili za alama 100 kila moja, na hakuna njia ila kufanya maswali kila siku, hata Ijumaa na hata mwezi wa Ramadhani. Aliyepata C+ kwa sababu hakumaliza karatasi ana nafasi nzuri. Aliyepata C- kwa sababu aliacha mada nusu asome na mwalimu, peke yake hatafika.

Baada ya wiki tatu utakuwa na alama mkononi. Kama kwenye karatasi zilizosahihishwa na mtu mwingine tayari umekaribia B bila kufundishwa upya, una sababu ya kurudia. Kama umeangukia palepale ulipokuwa Novemba, hujapata bado kile kitu kipya nilichokisema mwanzoni, na hamu kubwa peke yake haikizalishi.

Hatua ya nne: mwaka huo utauishi wapi, na vipi

Njia mbili zipo. Ya kwanza ni kurudi shuleni kama mwanafunzi wa kidato cha nne, na wengine wenye mapengo hurudi hadi cha tatu. Ya pili ni kujisajili kama mtahiniwa wa kibinafsi kwenye kituo kinachokubali, na kusoma nyumbani au kwenye tuisheni.

Kwa anayetaka udaktari mimi husema shule, karibu kila mara. Sababu ni maabara. Mtahiniwa wa kibinafsi anaweza kusoma Historia chini ya mwembe na akafaulu, lakini hawezi kufanya titresheni chini ya mwembe. Kama hali haikuruhusu kurudi shuleni, basi kabla ya kusajiliwa zungumza na mkuu wa kituo, upate ahadi ya siku na saa utakazoingia maabara tangu muhula wa kwanza. Ruhusa ya wiki mbili za mwisho haikufai.

Kama wewe ni mtahiniwa wa kibinafsi, uchague masomo kwa busara. Kilimo na Kompyuta zina mradi unaoanza mapema katika mwaka na unaosimamiwa na mwalimu, na wengi hukwama hapo. Dini, Historia, Jiografia au Biashara zinaweza kukusaidia bila mzigo huo. Sajili masomo yasiyopungua saba, kwani bila saba hakuna gredi ya wastani. Na usidhani utachukua Kemia ya mwaka huu uibandike kwenye cheti cha mwaka jana. Kwenye mfumo wa KUCCPS unaingia kwa namba yako ya mtihani na mwaka wake, yaani kwa matokeo ya mkao mmoja. Cheti chako cha kwanza hakifutwi kwa kurudia, lakini vyeti viwili haviunganishwi.

Serikali imekuwa ikilipa ada ya mtihani kwa watahiniwa wa shule, lakini anayerudia aulize kwanza kama naye anahesabiwa. Mtahiniwa wa kibinafsi hujilipia. Ongeza karo au tuisheni, nauli ya matatu au tuktuk kila siku, vitabu na karatasi za mazoezi. Andika jumla kwenye karatasi moja. Bursari ya wadi na ile ya NG-CDF, mfuko wa eneo bunge, zinaweza kusaidia walio shuleni. Nenda ofisini mwenyewe mapema na barua ya shule, kwa sababu fomu hizo hufungwa kimyakimya.

Kuna jambo la nyumba zetu ambalo lazima nilitaje. Kijana anayerudia akiwa nyumbani huonekana hana kazi. Wa kiume atatumwa dukani, ataombwa aendeshe boda ya kaka yake jioni, na msimu wa watalii Desemba hadi Machi utamwita Watamu kutafuta chochote. Wa kike atapika, atafua, atalea watoto wa dada yake, na posa itakuja katikati ya mwaka kwa hoja kwamba "si yupo tu." Nimewapoteza wasichana wenye akili kwa njia hiyo, na naumia ninapowakumbuka. Mzazi, kama umekubali binti yako arudie, kubali pia kwamba mwaka huo ni wa masomo, na uwaambie ndugu hivyo kwa kinywa chako. Kama nyumbani hapawezekani, afadhali shule ya bweni, au kwa mama mdogo anayeishi karibu na shule na anayeheshimu saa za kusoma. Watoto wa Faza na Kizingitini, kule visiwani Lamu, hufanya hivyo. Huvuka hadi Mokowe, hupanda basi kuja Malindi, na hukaa kwa jamaa muhula mzima.

Na usinunue karatasi zinazoitwa za mtihani kwenye makundi ya Telegram. Mara nyingi ni utapeli, na pale ambapo wizi umethibitishwa, KNEC hufuta matokeo. Mwaka wako wote utakuwa umepotea.

Hatua ya tano: pima njia nyingine kwa uadilifu uleule

Kurudia kwa mwaka mmoja, kisha shahada ya udaktari miaka sita, kisha mwaka wa mafunzo kazini: hiyo ni miaka minane kuanzia leo. Ni haki yako kuichagua. Lakini iweke kando ya hizi.

Stashahada ya Kliniki na Upasuaji katika KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya, inataka wastani wa C, pamoja na gredi za masomo yake. Ni miaka mitatu na mwaka wa mafunzo kazini, na baada yake wewe ni afisa wa kliniki mwenye leseni. KMTC ina kampasi Kilifi, Mombasa na Lamu, na maombi yake siku hizi hupitia KUCCPS. Naisema njia hii kwa heshima kamili. Mama wa Marafa au Gongoni akibeba mtoto mwenye homa hadi zahanati, anayempima na kumwandikia dawa mara nyingi ni afisa wa kliniki au muuguzi. Daktari yuko hospitali kubwa ya Malindi, na wakati mwingine usiku hayuko. Ukitaka hasa kuwatibu watu wako, kazi hiyo unaweza kuianza baada ya miaka minne.

Baadaye, baadhi ya vyuo vikuu huwapokea kwenye udaktari wenye stashahada ya kliniki waliofaulu vizuri. Kila chuo kina masharti yake, na gredi za KCSE bado huangaliwa. Kwa hiyo usiingie KMTC ukihesabu daraja hilo kama haki. Chukua masharti ya vyuo viwili kwa maandishi, uyalinganishe na cheti chako kabla hujaamua.

Shahada ya uuguzi ni miaka minne, na vizingiti vyake viko chini ya vya udaktari. Wengi wenye C+ na B- walioumia kwa kukosa udaktari wangestahili kuiomba bila kurudia. Iko pia shahada ya tiba ya kliniki.

Kuhusu ng'ambo, familia nyingi za Pwani zilizoea kupeleka watoto Sudan, na vita vilivyozuka Aprili 2023 viliwakata wanafunzi katikati ya masomo na kuwarudisha nyumbani. Uganda na Tanzania zina kidato cha tano na cha sita, na vyuo vyao vya udaktari huangalia masomo ya ngazi hiyo, kwa hiyo KCSE peke yake haikufikishi. Popote uendako, iulize KMPDC kwanza kama chuo kinatambuliwa na kama gredi zako zinakubalika. Waliosomea nje hufanya mtihani wa baraza kabla ya kuanza mafunzo kazini hapa. Wakala anayekwambia gredi za KCSE hazijalishi anakuuzia tiketi ya ndege tu.

Hatua ya sita: angalia kalenda ya 8-4-4

Kundi la mwisho la mfumo wa 8-4-4 linafanya KCSE mwaka 2027. Walioingia Gredi ya 10 Januari 2026 watamaliza 2028 kwa mtihani wa mfumo mpya. Kwa hiyo ule mtindo wa zamani wa kurudia mara mbili au tatu hadi mambo yakae sawa haufai kupangwa tena. Panga kurudia mara moja, kwa nguvu zako zote, au usirudie.

Hatua ya saba: zungumza nyumbani ukiwa na karatasi mkononi

Usiende kwa baba na mama na machozi peke yake. Nenda na ile hesabu ya klasta, alama za jaribio la wiki tatu, na jumla ya gharama. Wanafunzi wangu mimi huwafundisha maneno kama haya:

"Baba, udaktari unataka B ya Kemia, nami nimepata B-. Nimefanya karatasi za miaka mitatu, mwalimu amezisahihisha, na hizi ndizo alama. Naomba mwaka mmoja. Gharama ni hii. Kwenye mtihani wa majaribio wa muhula wa pili, kama sijafika alama hii, nitamaliza mwaka kisha nitaomba kliniki bila kubishana."

Mzazi anayesikia hivyo hujua mtoto wake amekomaa. Nawe mzazi, mwulize mtoto swali moja kabla ya kutoa jibu: udaktari huu ni wako au ni wangu? Nimewahi kukaa na kijana ambaye hakutaka kurudia kabisa, alitaka ualimu, na alikuwa akisoma Kemia kwa ajili ya jina la familia. Mwaka wa namna hiyo hauna faida kwa yeyote.

Ukikosa pa kupata mizani, omba siku chache kumfuata afisa wa kliniki au daktari mnayefahamiana, kwa ruhusa ya hospitali, uone foleni ya asubuhi na zamu ya usiku ilivyo. Wapo wanaorudi kutoka huko na hamu iliyoongezeka, na wapo wanaogundua kwamba walipenda koti jeupe.

Ukishaamua

Jipe tarehe ya mwisho, isivuke mwanzo wa usajili wa KNEC, ambao huwa miezi ya mwanzo ya mwaka. Baada ya hapo usifungue tena mjadala.

Ukiamua kutorudia, ingia KUCCPS siku za mwanzo za maombi, uweke kozi za afya unazozistahili kwa mpangilio wa unavyozipenda, na uwe na cheti cha kuzaliwa karibu. Pointi za mwaka jana zikuongoze, lakini usijaze nafasi zote kwa kozi zilizo juu ya namba yako.

Ukiamua kurudia, na ulikuwa umeshapangiwa kozi na KUCCPS, wasiliana nao kwanza ujue hali yako kabla ya kuomba tena. Nenda kituoni na karatasi ya matokeo ya zamani na cheti cha kuzaliwa. Usajili ukikamilika omba nakala na uisome pale pale ofisini. Jina lilingane herufi kwa herufi na cheti cha kuzaliwa. Tumeona Mwanaisha akiandikwa Mwana Aisha, na kusahihisha baadaye ni safari ndefu. Bayolojia iwe 231, Fizikia 232, Kemia 233. Hisabati iwe 121 na isiwe 122, ambayo ni ile nyepesi. Kosa lolote lirekebishwe kabla usajili haujafungwa.